Sedani ya Familia Yenye Mbio na Kipimo cha Barabara ya Udongo

Katika mazungumzo ya wapenda magari, aina mbili ndizo zinazogombea heshima ya kwanza. Moja ni gari la spoti, yaani gari lenye kimo kifupi, milango miwili na viti vichache, ambalo mhandisi wake alimfikiria dereva kabla ya kufikiria abiria na mizigo. Nyingine ni sedani ya familia yenye mbio, gari ambalo kwa kawaida lina milango minne na buti la nyuma, linalopeleka watoto shuleni na kurudi na gunia la unga, lakini ambalo injini, springi na breki zake zimetiwa nguvu hadi likaweza kufuatana na gari la spoti. Mabishano kuhusu aina hizi mbili huendeshwa zaidi kwa tarakimu za mwendo wa juu kabisa, zilizopimwa kwenye lami laini ya Ulaya au Japani. Kwa msomaji wa Kamituga, mji wa dhahabu ulio umbali wa kilomita 180 hivi kutoka Bukavu kwa Barabara ya Kitaifa Namba 2, tarakimu hizo huacha swali kubwa bila jibu: kasi hiyo ni ya gari, au ni ya barabara iliyolibeba? Swali hilo lilijibiwa Afrika Mashariki, kwenye vumbi na matope ambayo mtu wa Kivu angeyatambua mara moja, na jibu lake linastahili kukumbukwa.

Sedani yenye mbio ina ukoo wake. Mwaka 1950 kampuni ya Alfa Romeo ya Italia ilitoa gari lake lililoitwa 1900 na kulitangaza kuwa ni gari la familia linaloshinda mashindano. Mwaka 1969 Nissan ya Japani ilitoa Skyline GT-R ya kwanza ikiwa sedani ya milango minne. Katikati ya miaka ya 1980 BMW ya Ujerumani ilichukua injini ya silinda 6 iliyotokana na gari lake la spoti la M1, ikaiweka ndani ya bodi ya kawaida ya sedani, na gari hilo likaitwa M5. Wazo katika magari yote hayo ni moja, kwamba mwenye familia hana sababu ya kuchagua kati ya wajibu wake na furaha ya kuendesha, kwa kuwa gari moja laweza kutimiza yote mawili.

Gari la spoti, kwa upande wake, hupata wepesi wake kwa kukopa kutoka kwa barabara. Likiteremshwa karibu na ardhi, kitovu cha uzito wake hushuka pia, na kwa hiyo haliinami sana linapokata kona. Springi zake hukazwa ili bodi isiyumbe, na tairi zake hupanuliwa ili zishike lami kwa eneo kubwa zaidi. Kila moja ya faida hizo huidai barabara kitu: kimo kifupi hudai barabara isiyo na mawe wala mitaro, springi ngumu hudai uso ulionyooka, na tairi pana hudai ukavu, kwa sababu juu ya tope jepesi tairi pana huelea pale ambapo tairi nyembamba huzama mpaka kufikia udongo mgumu. Kwenye barabara inayotoka Bukavu, kupita Walungu, Burhale na Mwenga, hadi Kamituga, ambako wakati wa mvua malori huweza kukwama kwa siku kadhaa na kuacha nyuma yao mifereji mirefu ya magurudumu, mkopo huo hauna wa kuutoa, na gari la spoti hulala juu ya tumbo lake kabla halijaonyesha uwezo wowote wa injini yake.

Hata injini yenyewe haiko sawa kila mahali. Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa, na kadiri ardhi inavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, hivi kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gari lililouzwa kwa sifa ya nguvu-farasi 100 hufika huko likiwa na 85 hivi. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hizo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kuipenda sedani yenye turbo katika nyanda za juu.

Mahali ambapo hoja hizi zilipimwa hadharani ni mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka yake ya mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, na yalitakiwa yafanane na yale ambayo mwananchi angeweza kununua. Umuhimu wa kanuni hizo ni mkubwa, kwa maana kilichoshindanishwa kilikuwa gari la mwalimu, la mfanyabiashara na la daktari, likipelekwa kwa siku kadhaa kwenye njia iliyokuja kufikia kilomita 5,000 hivi za vumbi, mawe na matope. Njia ilikatwa kwa vituo vya ukaguzi, kila kituo kikiwa na saa yake, na dereva aliyechelewa alitozwa alama za adhabu. Mshindi hakuwa mtu aliyekimbia kuliko wote katika kipande fulani cha njia. Alikuwa yule ambaye, njia nzima ilipokwisha, alikuwa amechelewa kidogo kuliko wenzake.

Kipimo hicho kilikuwa kikali. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, ingawa yaliyoanza yalikuwa mengi mara kadhaa, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya akiendesha Peugeot 404. Kati ya ushindi wake huo, Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyo hiyo. Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, ilikuwa na injini ya lita 1.6 tu, lita zikiwa ni jumla ya nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka. Siri yake ilikuwa katika mwendo wa springi, yaani umbali ambao gurudumu laweza kupanda na kushuka kabla ya chuma kugonga chuma. Springi ndefu na laini ziliruhusu gurudumu kuingia shimoni na kutoka bila bodi kupata habari, na dereva hakulazimika kupunguza mwendo pale ambapo mwenzake mwenye gari gumu alishika breki.

Datsun ya Japani ililisogeza jambo hili mbele. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS, sedani ambayo kila gurudumu lake la nyuma lilipanda na kushuka peke yake bila kufungwa kwenye ekseli moja na mwenzake, kiasi kwamba jiwe lililogonga upande wa kushoto halikuutikisa upande wa kulia. Mwaka uliofuata Herrmann huyo huyo alishinda kwa Datsun 240Z, gari halisi la spoti lenye injini ya silinda 6, na haki inataka ushindi huo utajwe bila kupunguzwa, kwa kuwa unathibitisha kwamba gari la spoti lililojengwa kwa uimara laweza kuistahimili njia mbaya. Lakini mwaka 1973, Safari ilipokuwa sehemu ya msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za aina hiyo, jambo la ajabu lilitokea. Shekhar Mehta akiwa na 240Z, na Harry Källström wa Sweden akiwa na sedani ya Datsun 1800 SSS, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zinazolingana, na ilibidi kanuni maalumu itumike ili Mehta atangazwe mshindi. Kiwanda kimoja kilikuwa kimeleta gari la spoti na gari la familia kwenye njia moja, na baada ya maelfu ya kilomita mizani haikuegemea upande wowote.

Mwaka 1974 mizani hiyo iliegemea upande wa sedani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho ambaye Wakenya walimwita Simba wa Kenya, na ambaye tayari alikuwa ameshinda mwaka 1965 kwa gari kuukuu la Volvo PV544, alishika nafasi ya kwanza kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo lenye umbo la sedani, huku Björn Waldegård, aliyeendesha Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi ya silinda 6, akifuata katika nafasi ya pili. Mwaka 1976 Singh alishinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za mwanzo. Anayependa magari kwa dhati hana budi kuiheshimu Porsche 911, ambayo ni miongoni mwa magari bora kuwahi kutengenezwa, na heshima hiyo ndiyo inayoupa ushindi wa Lancer uzito wake.

Wanunuzi nao waliuelewa ushahidi huo. Peugeot 504, mrithi wa 404 na mshindi wa Safari mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, iliendelea kuunganishwa nchini Nigeria na Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuitengeneza sedani hiyo mwaka 1983, na toleo lake refu lenye safu tatu za viti lilibeba abiria kati ya miji ya Afrika Mashariki kwa mwendo uliojulikana na kuogopwa. Baadaye zikaja sedani zenye turbo na nguvu katika magurudumu yote manne, zikiwamo Mitsubishi Lancer Evolution, iliyoshinda Safari mwaka 1996, na Subaru Impreza, ambayo toleo lake la milango miwili lilishinda mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae.

Hata hivyo, sedani hizo zina hatari yake. Magari mengi ya Japani yanayofika mashariki ya Kongo yakiwa yametumika hupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, yakiwa na usukani upande wa kulia, ilhali Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Matokeo yake ni kwamba dereva hukaa upande wa mtaro, na anapotaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake imekwisha kutoka katika njia yake. Kwa gari lenye nguvu nyingi, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pote, kwa sababu nguvu hiyo humshawishi dereva kuamua kabla ya kuona, na mwenye sedani yenye mbio anapaswa kulijua jambo hili kabla ya kujua idadi ya nguvu-farasi zake.

Hesabu ya Kamituga yenyewe ni rahisi. Gari linalosafiri kutoka Bukavu kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa hutumia saa 12 kumaliza kilomita 180, na likiweza kudumisha wastani wa kilomita 45 hutumia saa 4. Saa 8 zinazookolewa hazitoki kwenye injini inayoweza kufikia kilomita 250 kwa saa, maana uwezo huo haupati hata mita 100 za kutumika njiani. Sehemu yake hutoka kwa springi ndefu na tumbo lililoinuka, na sehemu kubwa zaidi hutoka kwa kalavati lililojengwa vizuri, mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua na kifusi kilichoshindiliwa. Tangu kampuni ya madini ya SOMINKI ilipofikia mwisho wake mwaka 1997, mji huu umekuwa ukichimba dhahabu yake kwa mikono na kusafirisha watu wake zaidi kwa pikipiki, na msafiri wake anajua kwa mwili wake kile ambacho saa za vituo vya Safari zilikiandika kwa alama. Kwa hiyo mpenda magari wa Kamituga anapoitamani sedani yenye mbio, hatamani anasa isiyo na maana. Anatamani gari litakaloondoka Bukavu asubuhi likiwa na mama, watoto na mizigo, na barabara itakayoliruhusu kufika Kamituga kabla jua halijatua.