Kwa nini shairi la Lamu hupoteza vina likifika darasani

WATUNZI wa Lamu wakutanapo kughani mashairi yao mapya, iwe katika tamasha la utamaduni au barazani baada ya sala ya isha, wasikilizaji huwa hawana karatasi mikononi. Wana masikio tu. Kina kikiteleza, wazee hukinasa papo hapo, na aghalabu mtunzi huisoma hukumu usoni mwao kabla hajafikia kituo cha ubeti.

Anayeghani si lazima awe ndiye aliyetunga. Tangu zamani mwambao umetenganisha kipawa cha kutunga na kipawa cha sauti. Huko Mombasa, Juma Bhalo alivuma kwa kuimba tungo za jamaa yake Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Lamu nako, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Mau, alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka wa 1974, na nasaha hizo kwa mabinti zikaenea kwa kaseti, si kwa kitabu. Shairi la namna hii hupimwa kwa sikio, na sikio la Lamu ni la Kiamu.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika lahaja hiyo macho ni "mato", moja ni "moya" na maji ni "mayi". Mtunzi anayemalizia mishororo yake kwa "mato", "moto", "mto" na "uzito" ametimiza vina barabara. Mtu akisahihisha neno la kwanza likawa "macho", mizani hubaki vile vile lakini kina huvunjika. Ndivyo ilivyo kwa "moya" iliyopangwa pamoja na "haya" na "mbaya". Msomaji wa mbali, asiyejua kilichofanyika, hudhani mtunzi ni mwanagenzi.

Kiamu hakikuzaliwa kikiwa lahaja ya pembeni. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, ni wa huko huko kaskazini mwa pwani. Ni mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo vitabu vya shule vikafuata njia hiyo.

Mwalimu anayemkosoa mwanafunzi kwa kuandika "mato" katika insha hana kosa. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini katika somo la ushairi neno lilo hilo hugeuka kuwa mfano wa uhuru wa mshairi, likawekwa kapu moja na inkisari, mazida na tabdila, kana kwamba mtunzi amelipinda kusudi ili apate kina. Hakupinda chochote. Ndivyo mamake anavyolitamka jikoni. Maelezo hayo, ingawa yana nia njema, humfundisha mtoto wa Lamu kwamba lugha ya kwao ni hila ya kishairi.

Wahariri wa magazeti nao hawajatakasika, kwani kalamu iliyozoea kusanifisha habari haisiti inapokutana na ubeti.

Mwaka wa 2023 tungo za Ustadh Mau zilichapishwa na shirika la Brill la Uholanzi katika kitabu In This Fragile World, zikiwa katika lugha aliyotungia, tafsiri ya Kiingereza ikienda sambamba nazo. Chipukizi wa barazani hana mchapishaji wa aina hiyo. Akitaka shairi lake lisomwe Kakamega au Nyeri, anaweza kuliacha lilivyo na kufafanua maneno machache chini yake, au autunge upya ubeti mzima kwa Kiswahili sanifu, kuanzia vina. Kubadilisha neno moja moja hakumfai, kwa sababu kila neno la mwisho wa mshororo limeshikana na mengine matatu.