Namba Kubwa Haichezi Gemu

Wateja wanaonijia dukani Bukoba kutoka kisiwa cha Bumbire wana imani moja ngumu kung'oa: DirectX 12 lazima iishinde DirectX 11, kwa kuwa namba yake ni kubwa. Mimi ninayefungua mashine zao nawajibu kwamba inategemea kilichomo ndani.

DirectX ndiyo inayopitisha amri za gemu kwenda kwenye kadi ya grafiki. Katika DirectX 11, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009, draiva ndiyo hubeba mzigo: inapanga kumbukumbu, inakagua amri, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupitia kiini kimoja cha prosesa. Ni kama mwaloni pakiwa na karani mmoja wa kupima dagaa. Mitumbwi ikizidi, foleni inarefuka huku wabebaji wamekaa bure. Mwaka 2015 Windows 10 ikaleta DirectX 12, na Februari 2016 ikafuata Vulkan ya Khronos Group, iliyotokana na Mantle ya AMD. Humo amri huandaliwa na viini vingi kwa pamoja, na upangaji wa kumbukumbu umekabidhiwa mtengenezaji wa gemu. Akiwa hodari, utafurahi. Akiwa mzembe, shauri yako.

Doom ya 2016 ilipopewa Vulkan mwezi Julai mwaka huo, kadi za AMD zilipaa, maana draiva ya AMD ya OpenGL, njia iliyotumiwa na gemu hilo mwanzoni, ilikuwa dhaifu. Za NVIDIA zilipata faida ndogo. Draiva yao ya zamani ilishanyooka.

Sasa tuje kwenye mashine zetu: kompyuta za ofisini zilizokwishatumika, zenye prosesa ya i5-2400 ya mwaka 2011. Grafiki ya ndani yake, HD 2000, inaishia DirectX 10.1, hivyo magemu mengi yanagoma hata kufunguka. Anayeongeza kadi ya GTX 750 Ti amechagua vizuri: inakula wati 60 hivi, na nyingi hazidai waya wa ziada wa umeme. Kwa mtu wa kisiwani hilo si jambo dogo. Ila nyingi zina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu. Juzi niliwekewa mezani mashine moja yenye kadi hiyo, FIFA 19 inaganda kila kona inapopigwa.

"Fundi, nibadilishie kadi."

Gemu lilikuwa kwenye DirectX 12. Nikalirudisha kwenye 11, mpira ukatembea. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, draiva ya DirectX 11 huhamishia vitu kwenye RAM kwa utaratibu. Kwenye 12 kazi hiyo ni ya gemu lenyewe, na si kila gemu linaiweza.

Kinyume chake kipo pia. Kadi za Intel Arc za mwaka 2022 zilitoka zikikimbia vizuri kwenye DirectX 12, huku magemu ya zamani ya DirectX 9 yakizitoa jasho hadi Intel iliporekebisha draiva.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa nauli ya boti na pesa ya kadi, fungua mipangilio ya gemu, jaribu DirectX 11 na 12 kwenye mechi ile ile, ubaki na isiyoganda.