Kitendo cha Kihispania na Mkia Wake

Mtu asemapo neno "nitasema", ametoa habari tatu kwa pumzi moja. Ni- yaonyesha ni nani atendaye, -ta- yaonyesha ni wakati gani, na sema ndiyo kazi yenyewe. Habari mbili za kwanza hutangulia, kama watumishi wamtanguliao mfalme njiani, na kitendo hufuata nyuma yao. Mtoto wa Kiswahili hafundishwi jambo hili na mtu. Hulinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Katika nchi ya Hispania, iliyo upande wa kusini-magharibi wa Ulaya, mambo ni kinyume. Mfalme hutangulia, na watumishi wote humfuata. Kusema kwa lugha ya Kihispania ni hablar. Herufi h haitamkwi kabisa, bali neno husomwa kana kwamba laanza kwa a. Ukiliondolea -ar, labaki shina habl-, nalo peke yake halina maana, wala hakuna mtu alitamkaye hivyo. Mkia ndio unaolitia uhai. Hablo ni nasema. Hablas ni wasema, akiambiwa mtu mmoja. Habla ni asema, hablamos ni twasema, habláis ni mwasema, na hablan ni wasema, wakitajwa watu wengi. Hapo msomaji ataona ya kuwa Kihispania kimepambanua mambo ambayo Kiswahili kimeyachanganya, maana "wasema" kwa Kiswahili yaweza kuwa wewe, tena yaweza kuwa wao, na msikilizaji hana budi kungoja maneno yanayofuata apate kujua. (Katika nchi za Amerika zinazosema Kihispania, neno habláis halitumiki katika mazungumzo, huko watu wengi wakisemeshwa huambiwa hablan vile vile.)

Kwa kuwa mkia watosha kumtaja mtendaji, Mhispania hana haja ya kutanguliza neno la "mimi" au "wewe", ila akitaka kulikaza. Katika jambo hili yeye na Mswahili ni ndugu, nao hutofautiana na Mwingereza, ambaye hawezi kusema neno bila kujitaja kwanza.

Walakini mkia ni kitu chepesi, na mtu asiyeangalia aweza kupotea kwa ajili ya alama ndogo. Compro, sauti ikikazwa mwanzoni, ni nanunua. Compró, sauti ikikazwa mwishoni na alama ikiandikwa juu ya o, ni alinunua. Mathalan, mkulima amwandikia ndugu yake barua fupi: Compro el burro, yaani, "Mimi namnunua yule punda." Akiteleza kalamu na kuiandika ile alama, ndugu yake atasoma ya kuwa mtu mwingine amekwisha kumnunua punda, naye ataziweka fedha zake mfukoni na kwenda zake nyumbani. Mtendaji amebadilika, na wakati umebadilika, na sababu yake ni mstari mmoja mfupi kuliko mguu wa nzi. Ndiyo maana walimu wa Kihispania hawaihesabu alama ile kuwa pambo.

Habari za mambo yaliyopita, Kihispania kina njia mbili kubwa za kuzieleza. Ya kwanza ni ya tendo lililokwisha, kama jiwe lililotupwa likaanguka: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron. Ya pili ni ya tendo lililokuwa likiendelea, au lililokuwa desturi: hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban. Mtu akisema, El maestro hablaba y el niño entró, maana yake ni, "Mwalimu alikuwa akisema, mtoto akaingia." Maneno ya mwalimu ni kama mto upitao, kuingia kwa mtoto ni kama kokoto iliyotumbukia ndani yake. Wageni wengi hutaabika miaka mingi kwa kupambanua habló na hablaba. Mswahili hana sababu ya kutaabika sana, kwani "alisema" na "alikuwa akisema" ni mambo mawili kwake tangu utoto.

Wakati ujao ndio wenye hadithi nzuri kuliko zote. Hablaré ni nitasema. Kisha hufuata hablarás, hablará, hablaremos, hablaréis, hablarán. Kitu cha kwanza cha kutazamwa ni ya kuwa -ar haikuondolewa hapa. Neno zima hablar limebaki, na mkia umefungwa nyuma yake. Na mkia huo watoka wapi? Watoka katika kitendo haber, ambacho zamani maana yake ilikuwa kuwa na kitu. He ni nina, has ni una, ha ni ana, han ni wana. Basi hablar na he vikiunganishwa ni hablaré: "nina kusema", yaani, kusema kuko mbele yangu na kwaningoja. Katika vitabu vya kale sehemu hizi mbili zaonekana bado zikiachana, hata neno dogo laweza kukaa katikati yake, mathalan hablar te he, yaani, nitasema nawe. Baadaye ziliungana, na leo mtoto wa Hispania hajui ya kuwa asema maneno mawili.

Kiswahili kilifanya vivyo hivyo kwa njia yake. Wataalamu wa lugha za Kibantu wasema ya kuwa ile -ta- ya "nitasema" ni mabaki ya neno taka. Aliyesema zamani kwamba ataka kusema, wajukuu zake wakaja kufahamu kwamba atasema. Hispania walitumia neno la kuwa na kitu, pwani ya Afrika wakatumia neno la kutaka, na wote wawili wakafika katika kesho.

Aliyeyaandika mambo haya ya Kihispania mapema alikuwa mtaalamu aliyeitwa Antonio de Nebrija, aliyefariki mwaka 1522. Yeye alikuwa amekwisha kutunga kitabu cha sarufi ya Kilatini mwaka 1481. Siku hizo wenye elimu wa Ulaya waliona ya kuwa Kilatini ndicho chenye sarufi, na lugha za nyumbani hazina kanuni za kufundishwa. Nebrija hakukubali. Mwezi wa Agosti mwaka 1492 kitabu chake cha sarufi ya Kihispania kilipigwa chapa katika mji wa Salamanca. Yeye mwenyewe asimulia katika dibaji ya kuwa alipomwonyesha Malkia Isabel mfano wa kitabu hicho, malkia aliuliza ya nini. Aliyejibu hakuwa Nebrija bali askofu wa Ávila, akasema ya kuwa malkia atakapozitiisha kabila za watu wenye lugha ngeni, itawapasa kupokea sheria za mshindi, na pamoja na sheria lugha yake. Na kwa kitabu hiki wataweza kujifunza.

Jibu hilo si la kupitwa upesi. Katika mwezi ule ule wa Agosti Columbus alikuwa baharini akielekea magharibi, na mambo yakatukia kama askofu alivyosema. Mikia ya vitendo ilivuka bahari pamoja na panga. Hata Afrika ilifika: Guinea ya Ikweta ilitawaliwa na Hispania hata mwaka 1968, na Kihispania ni lugha ya serikali huko mpaka leo. Wenyeji wengi wa nchi hiyo ni Wafang, na katika kisiwa cha Bioko wako Wabubi, na lugha zao ni za Kibantu, jamaa za Kiswahili. Basi mtoto wa huko nyumbani hutanguliza mtendaji mbele ya kitendo kama afanyavyo Mswahili, na akiingia shuleni humpeleka nyuma. Wala hashindwi. Jambo lililomsumbua malkia, ya kuwa lugha ya nyumbani haihitaji kitabu, lafaa kuulizwa kwa lugha za watoto hao pia.

Hata hapa kitendo kilikuwa kikileta habari tu: jambo liko, lilikuwako, litakuwako. Lakini watu hawaleti habari peke yake. Huamuru, huomba, hutaka na huogopa. Kwa mambo hayo kitendo hubadili hali yake, na hapo ndipo Mswahili atakapostaajabu. Habla ni asema. Hable ni aseme. Herufi a ya mwisho imegeuka kuwa e, katika lugha zote mbili, kwa kazi ile ile moja. Si kwamba lugha hizi zina undugu, kwa maana Kihispania kilitoka katika Kilatini cha Warumi na Kiswahili ni cha Kibantu, imetukia tu. Mjumbe akisema, Dice que Pedro compra el burro, ameleta habari: "Asema ya kuwa Pedro anunua punda." Akisema, Dice que Pedro compre el burro, ameleta amri: "Asema Pedro anunue punda." Mjumbe akiikosea herufi hiyo, Pedro ataketi nyumbani naye ametumwa sokoni. Kihispania hakina kitendo kilichosamehewa kanuni hii, lakini Kiswahili kinavyo, yaani vile vilivyotoka katika Kiarabu. "Asema Juma arudi": je, yuarudi, au aambiwa arudi? Neno halijibu.

Katika kuamuru, mfano huu waendelea. Habla! ni Sema! Lakini katika kukataza Mhispania hawezi kuitumia a ile. Husema No hables, na Mswahili husema "Usiseme". Mtu akiwa mbele ya mkubwa, hathubutu kumwambia Habla. Humwambia Hable usted, na usted ni kifupi cha maneno ya zamani yenye maana ya "fadhila yako", ndiyo sababu kitendo chake ni kama cha mtu wa tatu. Ni kama kusema, "Bwana na aseme."

Liko neno moja ambalo msomaji wa pwani atalitambua. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hata mwaka 1492, na maneno mengi ya Kiarabu yalibaki. Hata ya Kiswahili na hasta ya Kihispania ni neno moja la Kiarabu lililosafiri njia mbili. Vile vile Wahispania husema ojalá, lililotoka katika maneno ya Kiarabu ya "Mungu akipenda", nalo ni jamaa ya inshallah. Baada ya ojalá kitendo huwa katika hali ya kutaka, kamwe hakiwi cha habari. Mama ambaye mtoto wake amechelewa kusema ataomba, Ojalá hable. Hawezi kusema Ojalá habla, kwa sababu habla yasema ya kuwa mtoto amekwisha kupata ulimi, na mama bado angoja.

Akitaka kusema jambo lisilokuwako, Kihispania kina mikia miwili mahali pa -nge- moja ya Kiswahili. Si el niño hablara, la madre contestaría: "Kama mtoto angesema, mama yake angejibu." Hablara ni ya sharti, contestaría ni ya jibu lake, wala havibadilishani mahali.

Vitendo vyenye kuishia -ar ni vingi mno, na aliyekijua hablar amevijua vile vyenye kufuata kanuni: cantar, kuimba, comprar, kununua, trabajar, kufanya kazi. Vyenye kuishia -er na -ir, kama comer, kula, na vivir, kuishi, vina mikia inayofanana na hiyo, ila vyenyewe katika kutaka hugeuka kufika a: come, ala; coma, ale. Ndiyo maana watu wakimshangilia mtu hupiga kelele, ¡Viva!, yaani, "Na aishi!"

Vitendo vinavyoasi kanuni si vingi vikilinganishwa na vyote, lakini ni vile vinavyotumika kila saa, kama vitu vya nyumbani vilivyochakaa kwa kushikwa sana. Ser ni kuwa, na ir ni kwenda, navyo havifanani hata kidogo. Lakini katika wakati uliokwisha, vyote viwili huwa fui, na msikilizaji aachiwa kutambua kwa maneno ya jirani kama mtu alikuwa au alikwenda. Mswahili asicheke. Kitendo chake cha kuja, akimwita mtu, hasemi "ja", bali husema "njoo".