Lenzi Ndefu na Ndege wa Majini

Ni vigumu kuwakaribia ndege wa majini. Ziwani hakuna miti wala vichaka vya kujifichia, na ndege aliye majini humwona mtu angali mbali. Ukimsogelea yangeyange aliye kando ya bwawa, kwanza ataacha kula na kuinua shingo. Ukizidi kusogea, ataruka. Katika somo hili tutajifunza jinsi lenzi inavyotuwezesha kumpiga picha ndege wa namna hiyo bila kumfukuza. Tutajifunza pia jinsi ya kuijaribu lenzi hiyo kabla ya kwenda nayo ziwani.

Kwa nini tukae mbali

Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Maji yake yana magadi mengi. Humo huishi heroe wadogo, ndege wenye rangi ya waridi na miguu mirefu. Chakula chao ni mwani mdogo sana uotao katika maji ya magadi. Wakati wa kuzaa, heroe hujenga viota vya matope vilivyo mfano wa vichuguu vifupi, na kila jike hutaga yai moja tu.

Matope ya magadi ni ngome ya heroe. Fisi na mbweha hawawezi kuyavuka kwa urahisi. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege aitwaye Leslie Brown alijaribu kuvifikia viota hivyo kwa miguu. Matope yale yalimchoma miguu vibaya, hata ikambidi alazwe hospitali.

Karibu heroe wadogo wote wa Afrika ya Mashariki huzaliwa katika ziwa hili moja. Ndege wanaoatamia wakifadhaishwa, huweza kuyaacha mayai yao, na yai lililoachwa juani haliwezi kuanguliwa. Hata ndege wasioatamia hupata hasara wakifukuzwa. Kila wanaporuka huacha kula, na hutumia nguvu walizozipata kwa chakula. Kwa hiyo mpiga picha mwema hukaa mbali, akaiachia lenzi kazi ya kumleta ndege karibu.

Jaribio: lenzi mbili, taswira mbili

Vifaa: lenzi mbinuko mbili, moja nene na moja nyembamba, karatasi nyeupe, rula.

1. Simama ndani ya darasa, mbali na dirisha. Shika lenzi nene ikielekea dirishani.
2. Weka karatasi nyuma ya lenzi. Isogeze mbele na nyuma mpaka uone taswira safi ya dirisha.
3. Pima umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi. Kisha pima urefu wa taswira.
4. Rudia hatua hizo kwa kutumia lenzi nyembamba.

Onyo: Usilitazame jua kwa lenzi kamwe. Nuru yake huweza kukupofusha macho.

Utaona kwamba taswira zote mbili zimepinduka, juu chini. Utaona pia kwamba taswira ya lenzi nyembamba iko mbali zaidi na lenzi, nayo ni kubwa zaidi. Umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye taswira ya kitu kilicho mbali sana huitwa urefu wa fokasi. Urefu wa fokasi ukiongezeka, taswira huwa kubwa zaidi.

Kamera hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mahali pa karatasi huwekwa filamu. Katika kamera nyingi za siku hizi huwekwa kibao cha elektroniki chenye kuhisi nuru.

Taswira hukua kiasi gani?

Chukua mfano wa heroe mwenye kimo cha sentimeta 90, aliyesimama umbali wa meta 100. Kamera yenye lenzi ya kawaida, ambayo urefu wake wa fokasi ni milimeta 50, hufanya taswira ya heroe huyo isiyofika hata nusu milimeta. Taswira hiyo ni kama nukta tu. Tukitumia lenzi ya milimeta 500, taswira huwa na urefu wa milimeta 4 na nusu, yaani mara kumi ya ile ya kwanza. Sasa mdomo, shingo na miguu huonekana.

Ili kupata taswira ya ukubwa huo kwa lenzi ya kawaida, ingetupasa kumsogelea heroe mpaka tubakiwe na meta 10 tu. Naye hangetungoja.

Lenzi ya namna hii huitwa lenzi ya masafa marefu, au kwa kifupi lenzi ndefu. Aghalabu mbele yake huwa na lenzi mbinuko, na nyuma yake lenzi mbonyeo. Mpango huo hulifanya bomba la lenzi kuwa fupi kuliko urefu wake wa fokasi. Thomas Dallmeyer alisajili lenzi ya mpango huo huko Uingereza mwaka 1891.

Kuijaribu lenzi ndefu

Lenzi ndefu ina faida kubwa, lakini ina taabu zake. Mtu aliyeinunua leo asiende nayo ziwani kesho. Yafaa aijaribu kwanza mahali pasipo na ndege wa kufukuzwa.

Jaribio la mtikisiko. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kisha simama hatua 30 kutoka hapo. Piga picha ukiwa umeishika kamera mikononi. Piga nyingine ukiwa umeiegemeza lenzi juu ya mfuko wa mchanga au kiweko cha miguu mitatu. Linganisha herufi. Lenzi ikuzayo taswira mara kumi hukuza pia mtikisiko wa mikono mara kumi. Ndiyo maana herufi za picha ya kwanza huelekea kuwa na ukungu. Hata yakiwapo maegemeo, inafaa kamera ifunguke kwa muda mfupi sana, kama sehemu moja ya 500 ya sekunde, kwa kuwa ndege naye hatulii.

Jaribio la kulenga. Lenzi ndefu huona eneo dogo. Katika kamera ambayo picha yake ina upana wa milimeta 36, lenzi ya milimeta 50 huona upana wa meta 72 kwa umbali wa meta 100. Lenzi ya milimeta 500 huona meta 7 na sentimeta 20 tu. Basi mpiga picha hujizoeza kufuata kitu kiendacho, kwa mfano baiskeli barabarani, mpaka aweze kukiweka katikati ya picha bila kukipoteza.

Jaribio la joto. Piga picha ya nguzo iliyo mbali katika uwanja mkavu, mara moja asubuhi na mara moja saa saba mchana. Mchana ardhi hupata joto, na hewa iliyo juu yake hupanda bila utaratibu. Nuru ipitapo katika hewa hiyo hupindapinda, na nguzo huonekana kama inacheza. Hakuna lenzi iwezayo kuondoa kasoro hiyo. Dawa yake ni kufika ziwani mapema, kabla jua halijawa kali.

Faida ya picha

Picha safi humsaidia mtaalamu kuhesabu ndege kwa utulivu baada ya kurudi nyumbani. Vyombo vya kuonea mbali vina faida nyingine pia. Huko Camargue, kusini mwa Ufaransa, ambako huzaa heroe wakubwa, wataalamu walianza mwaka 1977 kuwavisha makinda pete za plastiki zenye herufi. Herufi hizo husomwa kutoka mbali kwa darubini. Kwa njia hiyo hujulikana ndege yule amekwenda wapi na ameishi miaka mingapi, wala hana haja ya kukamatwa tena.

Maswali

1. Kwa nini si vema kuwakaribia heroe wanaoatamia?
2. Urefu wa fokasi ni nini?
3. Heroe wa sentimeta 90 yuko umbali wa meta 200. Ni lenzi ya milimeta ngapi itakayofanya taswira yake iwe na urefu wa milimeta 4 na nusu?
4. Kwa nini picha za saa saba mchana huweza kukosa usafi hata kama lenzi ni nzuri?
5. Nenda na mwalimu wako kwenye bwawa, mto au pwani iliyo karibu. Msogelee ndege polepole. Mara ainuapo shingo na kuacha kula, simama, kisha rudi nyuma hatua kumi. Akianza kula tena, kadiria umbali kati yako naye, uuandike katika daftari lako pamoja na jina la ndege huyo.