Spidi ya winga, tanki la mchangani: Hatari iliyojificha kwenye magari ya kujiundia

SIKU Kaitaba ikiwa na mechi kubwa, barabara ya kutoka Muleba kwenda Bukoba kupitia Muhutwe na Kemondo huchangamka. Noah zinajaa, bodaboda zinapeperusha bendera, na hakosekani kijana mwenye Altezza au Subaru aliyoishusha chini, akaifungua ekzosi, akaibadilisha injini na kuipa jina la gari la mbio. Ikipita, hata mzee aliye kwenye migomba anainua kichwa.

Mashabiki wanasifia mlio na spidi. Wachache wanauliza mafuta yanatokaje kwenye tanki mpaka kwenye injini. Lakini hapo ndipo gari la kujiundia linapoweza kuwageuka waliomo ndani, kwa sababu gari likitoka kiwandani, injini, pampu, mipira na tanki vimepimwa pamoja kama kikosi kimoja. Fundi akisajili injini mpya bila kugusa vingine, ni sawa na kocha aliyenunua straika wa hatari na kusahau kuwa hana beki.

PRESHA SIYO ILE ILE

Gari la zamani lenye kabureta linatumia mafuta yanayosukumwa kwa nguvu ndogo, kwa kawaida chini ya nusu ya bar. Injini ya injekta inataka takriban bar 3. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na ushee, kwa hiyo mafuta yanayopita kwenye mpira wa injekta yana presha kuliko upepo ulio kwenye tairi.

Sasa fikiria injini ya injekta imefungwa kwenye gari lililokuwa la kabureta, halafu mpira wa mafuta ni ule ule wa zamani, umekazwa kwa klipu yoyote iliyopatikana, au mbaya zaidi, kwa waya wa kufungia. Siku za mwanzo gari linaenda vizuri. Mpira ukianza kupasuka, haudondoshi tone moja moja. Unarusha mafuta kama dawa ya kunyunyizia kahawa, na jirani yake kuna nyaya za umeme na ekzosi iliyoiva.

Petroli nayo si mchezo. Inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna asubuhi ya Bukoba yenye ubaridi wa kumwokoa mtu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajikusanya kwenye shimo la gereji au chini ya viti, unasubiri cheche.

KILICHOMPATA TOIVONEN

Swali la pili ni tanki linakaa wapi. Mei 2, 1986, dereva wa Finland, Henri Toivonen, alikuwa akiongoza mbio za magari za Corsica, Ufaransa, akiwa na msoma ramani wake Sergio Cresto. Lancia Delta S4 yao iliacha njia, ikatumbukia bondeni na kulipuka. Wote wawili walifariki. Matanki ya gari lile yalikuwa chini ya viti vyao.

Baada ya ajali ile, wakubwa wa mchezo walitangaza kuyafuta magari ya Kundi B kuanzia msimu wa 1987. Gari lilikuwa la kiwanda kikubwa cha Italia, limeundwa na wahandisi waliobobea, lakini mahali lilipokaa tanki palikuwa sehemu ya hatari yake.

Huku kwetu ipo njia ya mkato ambayo mafundi wengi wa mtaani wanaijua. Tanki likishika kutu au pampu ikigoma, dumu la plastiki linawekwa kwenye buti au chini ya boneti, mpira unachomekwa, safari inaendelea. Wapo pia wanaobeba dumu la akiba kwa ajili ya kurudi usiku. Dumu hilo halina ukuta wa kulitenga na abiria wala njia ya kupumulia nje. Gari likigongwa nyuma, waliokaa siti ya nyuma ndio wanaokuwa ukuta.

Majirani wa Kagera ng'ambo ya Mutukula wana Pearl of Africa Rally, mashindano makubwa ya magari nchini Uganda. Kwenye mbio za namna hii zinazofuata kanuni za shirikisho la dunia, FIA, tanki maalumu la usalama lina mfuko wa mpira mgumu ndani yake, ukiwa na sponji ya kuzuia mafuta yasirukeruke. Mfuko huo una umri. Baada ya miaka 5 tangu kutengenezwa haukubaliki tena, isipokuwa waliouunda waukague na kuuongezea muda usiozidi miaka 2. Ukionekana mzima kwa macho, bado hauruhusiwi.

SEKUNDE 28 ZA GROSJEAN

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Novemba 29, 2020, kule Bahrain, gari la Romain Grosjean wa timu ya Haas lilipiga kingo za chuma kwenye mzunguko wa kwanza wa Formula One, likakatika vipande viwili na kuwaka. Mfaransa huyo alitoka mwenyewe ndani ya moto baada ya sekunde kama 28, mikono ikiwa imeungua.

Uchunguzi wa FIA ulionyesha kuwa kiungo cha kupeleka mafuta kwenye injini kilichomoka kutoka kwenye mfuko wa tanki. Yaani hata kwenye magari ya gharama kubwa kabisa, kiungo ndicho kilichoachia. Nguo zisizoshika moto na chuma cha kukinga kichwa vilimpa muda wa kutoka. Kijana wa Muleba anayeendesha kwa jezi na kandambili hana muda huo.

Wanaomshangilia Max Verstappen wakumbuke pia ya baba yake. Julai 31, 1994, Jos Verstappen alisimama kuongezewa mafuta Hockenheim, Ujerumani. Mafuta yalimwagika juu ya gari la moto, na kwa kufumba na kufumbua likawa limefunikwa na miali. Walikuwepo mafundi waliovaa nguo za kujikinga, na bado dereva na baadhi yao waliungua. Anayemimina petroli ya chupa kando ya barabara huku injini inanguruma anacheza mchezo ule ule, bila zimamoto pembeni.

YANAYOWEZEKANA GEREJI

Si lazima uwe na fedha za timu ya kiwanda. Mengi ya kuokoa maisha yanafanyika gereji ya kawaida, fundi akiamua kukaza.

La kwanza ni mpira. Injini ya injekta ifungiwe mpira ulioandikwa kuwa ni wa injekta, na klipu zinazobana mzunguko mzima bila kuukata. Upite mbali na ekzosi na sehemu zinazosuguana, na usiwe na kiungo chochote ndani ya chumba cha abiria.

La pili ni umeme wa pampu. Pampu ya umeme ikiunganishwa moja kwa moja na swichi ya funguo, ajali ikitokea injini inazima lakini pampu inaendelea kumwaga mafuta. Iwekewe fyuzi na rilei inayoikata injini inapozima. Magari ya rali yana pia swichi kuu ya kukata umeme, inayofikiwa kutoka ndani na nje.

La tatu ni tanki lenyewe. Libaki pale kiwanda kilipoliweka, au litenganishwe na abiria kwa ukuta wa chuma usio na upenyo, na mpira wake wa kupumulia utoke nje ya gari. Likivuja, lisichomelewe kienyeji. Tanki lililomwagwa mafuta linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Lishushwe na kupelekwa kwa anayeijua kazi hiyo, au litafutwe jingine.

La nne ni mtungi wa kuzimia moto. Ufungwe imara karibu na dereva, siyo kuviringika kwenye buti chini ya spika.

MOTO UKITOKEA

Dereva asimamishe gari, azime swichi, watu wote watoke na kusogea mbali. Boneti isifunguliwe wazi, maana hewa ikiingia moto unapanda. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Na wanaotazama wasisogee. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Wengi hawakuwa abiria wala madereva.

Shabiki anayepewa lifti ya kwenda mpirani ana haki ya kufanya ukaguzi wake mdogo. Anuse ndani ya gari. Aangalie kama kuna dumu kwenye buti. Aulize mtungi wa moto uko wapi. Dereva akijibu kuwa harufu ya petroli ni kawaida ya magari ya mbio, ajue hiyo si kawaida ya gari lolote zima. Nauli ya Noah ni ndogo, na mechi inayofuata bado ipo.