Kifaranga wa Bata Anapougua: Ni Lini Apelekwe kwa Daktari wa Mifugo?

Asubuhi, mtoto anapofunua boksi la vifaranga wa bata lililowekwa kwenye kona ya jikoni, hutarajia makelele. Vifaranga wenye afya humpokea mlezi wao kwa sauti, hukimbilia maji, husukumana na kukanyagana. Lakini siku moja humkuta mmoja amejitenga na wenzake, amefumba macho, manyoya yamesimama, wala hashtuki chombo cha maji kinapowekwa mbele yake. Hapo ndipo swali linapozuka: asubiriwe hadi jioni ionekane kama atapata nafuu, au apelekwe kwa daktari wa mifugo?

Watu wazima wengi hulijibu swali hilo kwa hesabu ya fedha. Bei ya kifaranga aghalabu ni ndogo kuliko nauli ya kumfikisha kliniki, seuze gharama ya matibabu. Kwa hiyo huachwa mpaka afe, au hutiliwa katika maji unga wa dawa uliobaki tangu kuku walipougua mwaka uliopita. Njia zote mbili zina hasara, na hasara hiyo haimwishii kifaranga peke yake. Magonjwa kadhaa ya bata wachanga hutokana na chakula, maji na mikono ileile inayoihudumia familia.

Mgonjwa anayeficha ugonjwa wake

Bata ni ndege anayewindwa. Porini, anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza. Kwa sababu hiyo ndege wa namna hii hujikaza na kuendelea kutembea na wenzake hata ugonjwa unapokuwa umekwisha kumwingia. Mfugaji anapoona dalili ya wazi, ugonjwa huwa umeanza zamani.

Umbile la kifaranga nalo halimpi muda. Anapoanguliwa huwa na uzito wa gramu 40 hadi 60 hivi. Mwili mdogo kiasi hicho hupoteza joto upesi, na akiba ya chakula iliyomo ni kidogo: katika siku mbili tatu za mwanzo hutegemea mabaki ya kiini cha yai kilichobaki tumboni, na kiini hicho kikiisha, hutegemea anachokula siku ileile. Kwa hiyo muda wa kifaranga mgonjwa huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Neno “tusubiri tuone” linafaa tu iwapo anayesubiri anajua anatazama nini na atasubiri mpaka lini.

Kwanza yachunguzwe makazi

Sehemu kubwa ya matatizo ya vifaranga hutokana na baridi, maji au sakafu, na hayo yanaweza kurekebishwa nyumbani katika saa ya kwanza. Katika wiki ya kwanza, kifaranga asiye na mama huhitaji joto la nyuzi 32 za Selsiasi hivi, kisha lipunguzwe kwa nyuzi tatu hivi kila wiki hadi manyoya ya utu uzima yanapoota. Asiye na kipimajoto na awatazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa na kulia, wanaona baridi, wakitawanyika kwenye kingo za boksi na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Jiko la mkaa lisitumiwe kupasha joto chumba kilichofungwa, kwa kuwa gesi yake yenye sumu huua ndege na watu pia.

Maji, ambayo watu hudhani ni makazi ya asili ya bata tangu siku ya kwanza, huweza kumdhuru mchanga. Kifaranga anayelelewa na mama yake hupata mafuta kutoka katika manyoya ya mama, nayo humkinga asilowe. Aliyelelewa kwenye boksi hana kinga hiyo ya kutosha. Akiachwa aogelee kwenye karai, hulowa hadi ngozini na kuzizima. Aliyezizima akaushwe kwa taulo na kupashwa joto taratibu. Asilishwe kabla hajapata joto, na kamwe asimiminiwe maji mdomoni, kwani mnyonge asiyeweza kumeza vizuri huyavuta mapafuni. Mara nyingi kifaranga ambaye tatizo lake lilikuwa baridi tu huinuka na kuanza kulia katika muda wa saa moja hivi. Asiyeinuka ana tatizo jingine.

Maji ya kunywa yawe na kina cha kuzamisha mdomo hadi matundu ya pua, ili aweze kusafisha pua na macho, lakini chombo kisiwe kipana kiasi cha kuingiwa. Sakafu nayo isiteleze. Gazeti na vigae huifanya miguu itanuke pembeni, na kasoro hiyo hurekebishika kwa urahisi katika siku za mwanzo tu.

Dalili zisizosubiri

Makazi yakiwa sawa na kifaranga bado ni mgonjwa, zipo dalili ambazo yeyote kati ya hizi akionekana nayo, daktari atafutwe siku hiyohiyo:

Anahema mdomo wazi huku mkia ukipanda na kushuka, ilhali hayupo kwenye joto kali. 

Shingo imelegea, imepinda, au kichwa kimevutwa nyuma. Anatetemeka au kupiga miguu hewani. Hawezi kusimama kabisa.

Hajala wala kunywa kwa nusu siku. 

Kinyesi kina damu, au tumbo limevimba na kitovu ni chekundu na chenye majimaji.

Ameumwa na paka, mbwa au panya, hata kama jeraha ni tundu dogo. Mdomo wa paka hubeba bakteria wanaoweza kumuua ndege mdogo baada ya jeraha kuonekana limefunga.

Amemeza waya, msumari au sumu.

Zaidi ya mmoja wameugua au kufa katika siku moja au mbili.

Kwa upande mwingine, anayechechemea kidogo, aliyepiga chafya mara mojamoja, au aliyegandwa na kinyesi nyuma anaweza kutazamwa kwa saa 24, madhali anakula, anakunywa na kuwafuata wenzake. Kinyesi kilichoganda kilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, kisivutwe kikiwa kikavu. Katika muda huo kipimo bora ni mizani ya jikoni. Kifaranga mwenye afya huongezeka uzito kila siku. Apimwe saa ileile, leo na kesho. Asipoongezeka, au akipungua, muda wa kusubiri umekwisha.

Miguu dhaifu na funzo la mahindi

Dalili moja yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ni ya kawaida na hutibika ikiwahiwa. Kifaranga wa wiki mbili au tatu huanza kukaa muda mrefu, vifundo vya miguu huvimba, miguu hupinda kama upinde, na mwishowe hutembea kwa kujikokota. Sababu mojawapo kubwa ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Bata huihitaji kwa wingi kuliko kuku. Chakula cha vifaranga wa bata kinapaswa kuwa na miligramu 55 hivi katika kila kilo. Anayelishwa pumba na unga wa mahindi pekee hawezi kufikia kiasi hicho, kwa kuwa niasini iliyomo ndani ya mahindi imefungika kiasi kwamba mwili haupati faida nayo vizuri.

Wanafunzi wa tiba wanalijua jambo hilo kwa jina jingine. Upungufu huohuo kwa binadamu ni pelagra, ugonjwa wa ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili, uliowaandama walaji wa mahindi matupu katika nchi nyingi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu baada ya mgao wa karanga, iliyokuwa chanzo chao kikuu cha niasini, kukatika. Mguu uliopinda wa kifaranga ni jamaa wa karibu wa ugonjwa huo.

Kwa anayechechemea tu, kuongeza chachu ya bia, dagaa waliosagwa au chakula maalumu cha vifaranga huweza kuleta nafuu katika siku chache. Aliyekwisha kushindwa kusimama hahitaji kubahatishwa. Daktari atatofautisha upungufu huo na mvunjiko, maambukizi ya viungo, au sumu.

Vifo vya ghafla na gunia la chakula

Vifaranga wanapokufa kwa mfululizo, swali hutoka kwa ndege mmoja na kuihusu nyumba nzima. Mwaka 1949, wafugaji wa kisiwa cha Long Island nchini Marekani walipoteza vifaranga kwa kasi kutokana na homa ya ini ya bata inayosababishwa na virusi. Kifaranga huanguka ubavu, hupiga miguu, kichwa huvutwa nyuma, na huweza kufa ndani ya saa moja au mbili. Mafua makali ya ndege nayo hayana budi kukumbukwa. Mwezi Januari 2017, virusi vya aina ya H5N8 vilithibitishwa nchini Uganda kwa ndege wa porini na wa kufugwa kandokando ya Ziwa Viktoria. Bata ana hatari ya pekee hapo, kwa sababu baadhi yao hubeba virusi vya mafua bila kuonyesha dalili.

Sababu ya tatu imo ndani ya gunia. Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Vifo vya vifaranga wa bata vilivyohusishwa na mashudu ya karanga viliripotiwa pia Kenya na Uganda katika kipindi hicho. Uchunguzi uligundua sumu ya kuvu aitwaye Aspergillus flavus, nayo ikapewa jina la aflatoksini. Leo Watanzania huiita sumukuvu. Kifaranga wa bata wa siku moja aligunduliwa kuwa mwepesi mno kudhurika na sumu hiyo, hata wanasayansi wakamtumia kama kipimo cha kuitambua katika vyakula.

Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walifariki dunia. Mwaka 2016, sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Familia inayowapa vifaranga makombo ya mahindi inayokula yenyewe, kisha ikaona wanakufa mmoja baada ya mwingine, haina sababu ya kusema kwamba ni bata tu. Gunia lifungwe na lisitumike kwa mtu wala mnyama mpaka limechunguzwa.

Unga wa dawa uliobaki

Kabla ya kumwona daktari, wengi hupitia duka la dawa za mifugo na kununua oksitetrasaiklini. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini haiui virusi, haiondoi sumukuvu, haiongezi niasini wala kukausha kifaranga aliyelowa. Tena, mgonjwa asiyekunywa maji hapati dawa iliyomo ndani ya maji. Wanaoipata ni wenzake wazima. Dozi ya kukisia huwaacha hai bakteria wenye nguvu, ambao hupita kutoka bandani hadi mikononi na mezani. Hivyo ndivyo usugu wa vimelea dhidi ya dawa unavyokua, na anayekuja kulipa huenda akawa mgonjwa aliyelazwa hospitali, ambaye hajawahi kufuga bata.

Safari ya kwenda kwa daktari

Kifaranga asafirishwe katika boksi dogo lenye matundu, juu ya kitambaa, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Mlezi abebe kiasi kidogo cha chakula anachomlisha, kinyesi kibichi katika mfuko safi, na maelezo mafupi: umri, uzito wa kila siku, saa dalili zilipoanza, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa, hata ile anayoona haya kuitaja. Mahali pasipo na kliniki ya wanyama wadogo, pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kata.

Ikiwa wamekufa kadhaa, mizoga isisafirishwe kwa daladala, isichinjwe wala kutupwa mtoni. Afisa mifugo apigiwe simu kwanza, naye ataelekeza namna ya kuchukua sampuli. Na daktari akisema kwamba hakuna tiba, kuyakatisha mateso kwa njia ya kitaalamu ni sehemu ya huduma. Mtoto aelezwe ukweli kwa upole.

Mtoto huyo naye atazamwe. Vifaranga wa bata, hata wanaoonekana wazima, huweza kubeba bakteria wa Salmonella. Walio chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Boksi lihamishwe kutoka jikoni, vifaranga wasibusiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika. Mtoto akipata homa na kuhara, mhudumu wa afya aambiwe kwamba nyumbani kuna bata, kwa kuwa hatalijua hilo asipoambiwa.