Jua la Kakamega Halitoshi Kuwa Daktari

Wapo walimu wenzangu hapa Kakamega wanaoshikilia kwamba maradhi ya maltipo sklerosisi ni ya Wazungu pekee, eti jua la Ikweta hutukinga. Dhana hii ina chembe ya ukweli, lakini ina hatari pia.

Ni kweli kwamba jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo husaidia kuituliza kinga ya mwili. Katika maradhi haya kinga hiyo huasi, ikaushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Ni kweli pia kwamba karibu na Ikweta maradhi haya ni adimu. Hata hivyo, kuwa adimu si kutokuwapo.

Je, vitamini D pekee itatosha? Mwaka wa 2025, watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wapya vitamini hiyo kwa wingi kwa miaka miwili. Ugonjwa ulijitokeza tena kwa asilimia 60 yao, na kwa asilimia 74 ya wale waliopewa dawa isiyo na vitamini. Nafuu ipo, ila wengi bado waliugua. Isitoshe, majaribio kadhaa ya awali hayakuonyesha faida kama hiyo, na vitamini hii ikizidi hudhuru figo.

Kwa hivyo nawasihi walimu: mwanafunzi anayefifia macho ghafla au kufa ganzi miguuni asiitwe mvivu, wala asisemwe amerogwa. Apelekwe hospitalini mapema. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.